Tukitembea, Watatuona

Alianza kukimbia mwaka ule mumewe alipofariki, na sababu yake hakumwambia mtu.

Watu walijitungia sababu zao. Wanawake wa saluni iliyotazamana na duka lake la miwani walisema anapunguza mwili ili aolewe tena. Muuza dawa wa jirani alimsifu kwa kuijali presha mapema. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, muuza magodoro aliyekuwa na maneno mengi kuliko magodoro, alimuuliza siku moja mbele za wageni: kila asubuhi unakimbia, kwani unakimbia nini? Wageni wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu neno ni hilo hilo moja. Anayefanya mazoezi anakimbia, na anayefukuzwa naye anakimbia. Lakini kicheko hakikufika machoni, na mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa pembeni akipepeta mchele, hakucheka kabisa.

Ukweli ulikuwa hivi. Mumewe aliugua mapafu kwa muda mrefu. Miaka ile yote kazi yake kubwa ilikuwa kulala ubavuni mwa mgonjwa akisikiliza pumzi yake inavyopanda, inavyokwama, inavyoshuka tena kama mtu anayeburuta gunia kwenye sakafu. Aliizoea mno hata yeye mwenyewe akawa anahema kwa kuiba, taratibu, asije akaifunika ile nyingine. Kisha pumzi ile ikaisha. Wakazika, watu wakatawanyika, chumba kikabaki na kimya ambacho alikiona kizito kuliko ugonjwa.

Asubuhi moja alitoka kwenda kununua mkate. Njiani akajikuta anaharakisha, bila haja, kisha anatroti, kisha anakimbia kama mwenda wazimu, kandambili mkononi, mpaka alipoushika ukuta wa shule ulio mwisho wa mtaa. Akainama pale kifua kikipanda na kushuka. Ndipo alipoisikia: pumzi nzima, nene, yenye nguvu, isiyokwama mahali. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake. Hakuwa ameisikia kwa miaka. Alirudi nyumbani bila mkate, na kesho yake akanunua viatu.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, nayo ilikuja baadaye. Nyumbani alikuwa mke wa marehemu. Mama mkwe alimwita hivyo kwa wageni, shemeji alimwita hivyo alipotaka kumkumbusha kwamba nyumba ni ya kaka yake, hata wasoma mita ya maji walimwita hivyo. Siku ya msiba mama mkwe alimkumbatia akamwomba asimwache peke yake, naye akaahidi. Hakujuta kuahidi. Alimpenda yule mama. Ila ahadi ile ilikuwa kama fremu ya miwani iliyombana kidogo kwenye masikio: unaweza kuivaa kutwa, lakini jioni ukiivua unakuta alama. Barabarani hakuna aliyemwita jina lolote. Barabarani hakuwa wa mtu.

Basi ndivyo alivyokuwa, mpweke na ametulia katika upweke wake, hadi alipotokea Mpimaji.

Alikuwa mpima ardhi, mwanamume aliyepita hamsini, mrefu, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi upande mmoja kuliko mwingine. Walifahamiana kidogo, kwani miwani yake ilitengenezwa dukani kwa mwanamke huyu. Asubuhi moja, kwenye mwinuko wa kwenda kwenye tangi la maji, alimpita mtu aliyevaa kofia, na nyuma yake akasikia sauti ikisema bila haraka, "Fundi, ukifika juu usiimalize hewa yote. Niachie kidogo."

Alicheka mpaka akapoteza mwendo. Walifika juu pamoja.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Hawakupanga. Kesho yake alimkuta kwenye kona, akijinyoosha misuli kama mtu aliyekuwa anapita tu, na keshokutwa hivyo hivyo, na baadaye hakuna aliyejifanya anapita. Walikimbia bega kwa bega macho mbele, na maneno yakawatoka vizuri kwa sababu hiyo hiyo ya kutotazamana. Alimsimulia kuhusu mumewe. Mpimaji naye alimsimulia jinsi mkewe alivyomwacha, zamani, binti yao akiwa bado shule ya msingi. Alikuwa amerudi kutoka kazini, ameshinda juani akiwawekea watu mipaka ya viwanja wasigombane, akakuta kabati limegawanywa nusu kwa nusu, hanga zake upande mmoja, upande wa pili mtupu. Alisema hajawahi kuona mpaka ulionyooka vile.

Mvua zilianza zikaisha wakikimbia. Ikafika mahali ambapo fundi wa miwani, akiwa dukani na mteja mbele yake, alikuwa akishika kichwa cha mtu kukinyoosha huku moyo wake uko kwenye ule mwinuko. Siku ambayo Mpimaji alikuwa safarini kikazi, barabara ilikuwa barabara tu. Akaogopa. Akajiambia kwamba anakimbia kwa sababu zile zile za zamani, akajua kwamba anajidanganya.

Siku moja, walipogeuza pale kwenye tangi, Mpimaji alimuomba washuke wakitembea. Jua lilikuwa linachomoza na kulikuwa na harufu ya vumbi lililolowa umande. Alisema wana muda, na yeye ana jambo la kumwambia, na jambo hilo halisemwi mtu akihema.

"Hapana," akasema yeye.

"Kwa nini?"

"Watu wawili wakikimbia pamoja hakuna anayeuliza. Ni mazoezi. Tukitembea, watatuona."

Mpimaji hakubisha. Alivua kofia, akapangusa paji la uso, akaivaa tena, wakashuka wakikimbia. Lile jambo halikusemwa.

Ni baada ya siku hiyo ndipo alipoanza kuisikia. Kwenye mwinuko, karibu na juu, pumzi ya Mpimaji ilikuwa inakatika, inapotea kidogo, halafu inarudi kwa pupa. Mwanamke aliyelala na pumzi ya mgonjwa miaka kadhaa hawezi kukosea sauti hiyo. Alimuuliza. Mpimaji akasema ni vumbi. Naye akakubali kwamba ni vumbi, akakubali asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu asingekubali angelazimika kuuliza tena, na jibu la pili lingemnyang'anya saa ile moja ya siku aliyokuwa anaishi.

Aliyemletea jibu ni binti.

Alikuwa dukani akipasha moto mkono wa fremu ili aukunje, msichana mmoja akaingia amevaa sare ya uuguzi chini ya sweta. Akaweka kwenye kaunta miwani iliyovunjika daraja, pale inapokaa juu ya pua. Fundi aliitambua kabla hajaishika. Akauliza kwa sauti ya kawaida imevunjikaje.

"Baba alianguka," msichana akasema. "Ananiambia ni sabuni, aliteleza bafuni. Mimi nafanya kazi hospitali, dada. Mtu aliyeteleza na mtu aliyezimia hawaanguki namna moja."

Fundi alizima kile kifaa cha moto. Akamvutia msichana kiti, lakini hakukaa.

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekuja amejifunza la kusema. Moyo wa baba yake haukuwa mzima. Daktari alimwambia tangu kabla ya mvua aache kukimbia. Kutembea ameruhusiwa hata kutwa nzima, kukimbia hapana, na mwinuko ndiyo kabisa. Baba akaitikia, akachukua dawa, na kesho yake alfajiri akatoka na viatu. Binti alidhani ni ukaidi wa uzee. Asubuhi moja akamfuata kwa mbali.

"Nikawaona," akasema. "Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu, nisikufiche. Sikuweza. Sijawahi kumsikia baba akicheka barabarani." Akatazama safu za fremu ukutani, macho tupu yasiyo na watu. "Mimi sikatai, dada. Umri wenu mnaujua wenyewe. Ninachouliza ni kimoja. Kwa nini lazima akimbie ndipo akuone?"

Jibu fundi alikuwa nalo, lakini lilikuwa la aibu. Alichukua ile miwani, akamwambia aache, atairekebisha. Msichana alipotoka alibaki amesimama nyuma ya kaunta mpaka mteja mwingine alipoingia na kubisha juu ya mbao mara mbili kama anabisha mlango.

Asubuhi iliyofuata alienda kwenye kona mapema, akasimama. Mpimaji alipofika akajinyoosha, akamsalimia, akaanza hatua za kwanza. Aliposikia yuko peke yake akageuka.

Ndipo walipotazamana, kwa mara ya kwanza toka walipoanza, uso kwa uso, wamesimama, kweupe. Fundi aliona kitu ambacho kukimbia bega kwa bega kulimficha: midomo ya mtu huyu ilikuwa imefifia rangi, na chini ya macho kulikuwa na uchovu wa muda mrefu. Akampa miwani yake. Mpimaji aliipokea, akaigeuzageuza, akaelewa imetoka kwa nani.

"Binti anakuza mambo," akasema.

"Uliambiwa uache?"

"Madaktari huambia watu mengi."

"Uliambiwa uache, ndiyo au hapana?"

Mpimaji alitazama barabara. "Nikiacha nitakuona wapi? Dukani, nikija kila siku kuvunja miwani? Kwako sikaribishwi. Kwangu huji. Uliniambia mwenyewe, tukitembea watatuona. Basi nikakimbia." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nilimzika mmoja kwa pumzi," fundi akasema. "Ya pili sitaisikiliza ikiisha."

"Sijafa."

"Na mimi ndiye ninayekuua."

Mtu wa baiskeli alipita akawasalimia, wakaitikia wote wawili kwa pamoja, kwa adabu, kama watu waliokutana kwa bahati. Fundi alijisikia akiitikia hivyo, akachoka na sauti yake mwenyewe.

Akamwambia basi. Kona hii hatakuja tena. Atakimbia upande mwingine, peke yake, kama zamani. Lakini kama lile jambo alilotaka kumwambia siku ile kwenye tangi bado lipo, basi alilete nyumbani. Jumapili alasiri, kwa miguu, kwa mlango wa mbele, aingie na kusalimia kama watu wanavyosalimia. Mama mkwe atakuwepo. Shemeji pia huwa anakuja Jumapili, na atasema mengi. Wamsikilize wote wawili, amalize.

"Mbele ya wote?" Mpimaji akauliza.

"Mbele ya wote. Mimi nimeogopa muda mrefu wa kututosha."

Mpimaji aliitikia kwa kichwa. "Nitakuja," akasema. Na fundi akaondoka akitembea, akijua anatazamwa, na siku hiyo hakukimbia hata hatua moja.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Asubuhi alikimbia njia ya uwanja wa mpira, tambarare, isiyo na mtu wa kumsemesha. Miguu ilienda, lakini kila mara alijikuta amejibana upande mmoja wa njia, akiwa amemwachia nafasi mtu asiyekuwepo. Mchana alivunja skrubu ndogo mbili za mteja mmoja, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

Jumapili alisafisha sebule. Hakusema kwa nini, na mama mkwe hakuuliza. Shemeji alikuja na gari lake la magodoro, akaliegesha mbele ya mlango kama kawaida yake, akaingia akilalamikia biashara. Mama mkwe alileta sinia la chai. Shemeji alitazama vikombe, akauliza cha ziada ni cha nani.

"Cha mgeni," mama mkwe akasema.

Shemeji akauliza mgeni gani. Mama mkwe akamwambia anywe chai yake ingali moto.

Fundi alihisi damu ikimpanda usoni. Alikaa kwenye kiti kinachotazama dirisha. Watu walipita: mama na mtoto mgongoni, vijana wawili na spika yao, mtu mmoja mrefu ambaye alimfanya ashike mkono wa kiti, na ambaye hakuwa yeye. Shemeji alizungumza, akazungumza, akaaga. Gari likaondoka. Kivuli cha nyumba ya jirani kikavuka barabara, kikapanda ukuta wao. Hakuna aliyebisha hodi.

Mama mkwe alianza kukusanya vikombe. Alipofika kwenye kile kisichonywewa alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho.

"Hakuja," akasema.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Mtu anayekimbia peke yake hajipaki mafuta mazuri ya nywele alfajiri." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nimejua siku nyingi. Nikasubiri uniambie. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nikasema, basi huyu hajataka kuzaa."

Fundi aliuliza tu kama amemkasirikia.

"Nilikuogopa," mama mkwe akajibu. "Ulipoanza zile mbio nilidhani unanikimbia mimi. Kila asubuhi nalala macho wazi nikisema leo harudi. Halafu nasikia lango." Aliweka kikombe chini. "Mimi nilifiwa na mtoto, wewe ulifiwa na mume. Mtoto hana badala yake. Mume anayo. Hilo halinifurahishi, lakini ni kweli, na sina nguvu za kubishana na kweli. Ningempokea. Ningemtazama vibaya kwanza, haki yangu hiyo, halafu ningempa chai."

Hapo ndipo fundi alipolia. Siyo kwa sauti. Mama mkwe hakumbembeleza. Alisogeza kiti chake karibu, wakakaa hivyo mpaka sebule ikawa giza na mmoja wao akalazimika kuwasha taa.

Asubuhi yake alikwenda kwenye kona. Alijiambia anapita tu.

Mpimaji alikuwa pale. Hakuwa amevaa viatu vya kukimbia. Alivaa vya ngozi, vilivyong'arishwa, na shati la mikono mirefu, nguo za jana, na zilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala nazo. Alipomwona akasogea hatua moja.

"Nilikuja," akasema. "Nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa wenu. Nikaona gari la shemeji yako mlangoni. Nilisimama pale nikijiambia, sasa hivi, sasa hivi. Halafu miguu ikarudi yenyewe."

Fundi alimtazama. Hakuwa na hasira. Angetamani awe nayo, ingemsaidia. Aliona mwanamume aliyeweza kupanda mlima na moyo mbovu ili awe ubavuni mwake, lakini akashindwa kuvuka sebule. Akaona pia kwamba anamjua vizuri mtu wa namna hiyo. Mpaka wiki iliyopita alikuwa yeye.

"Kona si mlango," akamwambia taratibu. "Wewe kazi yako ni mipaka, Mpimaji. Unajua."

"Najua."

"Mama alikuwekea kikombe."

Mpimaji alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na miwani aliyomtengenezea ilikuwa imekaa sawasawa juu yake, haijapinda hata kidogo.

"Jumapili nyingine?" akauliza.

Alitaka kusema njoo leo. Alitaka kumshika mkono pale pale, watu wapite, waone. Lakini alishafungua mlango mara moja na kukaa mbele yake alasiri nzima, na kazi ya kuuvuka haikuwa yake.

"Jumapili zipo kila wiki," akasema. "Nenda ukapumzike. Umeze dawa."

Akaanza kukimbia. Alipita mwanzo wa mwinuko, akapanda peke yake, na nyuma yake hakusikia viatu. Hakugeuka. Alijua kwamba angegeuka angerudi. Juu, kwenye tangi, mahali ambapo siku zote waligeuza, hakusimama. Njia iliendelea upande wa pili, nyembamba, ikishuka kati ya nyumba asizozijua, na kwenye moja ya milango mwanamke aliyekuwa anafagia aliinua kichwa, akamsalimia kama mtu anavyomsalimia mgeni, akamuuliza anaelekea wapi.

"Sijui bado," akamjibu, akaendelea kushuka.